Moshi Unaosafiri: Hewa ya Kitengela na Kajiado Msimu wa Kiangazi

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa kaunti



Kati ya Julai na Oktoba, mtu anayetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi kusubiri matatu kando ya barabara ya Namanga huona utando wa kijivu umelala juu ya mabati ya nyumba. Wengi huuita ukungu na kuendelea na safari. Lakini ukungu ni maji matupu, hauna harufu, na jua likipanda hutoweka. Utando unaonuka, unaowasha macho na kuacha ladha chungu kooni ni moshi. Mara nyingi vyote viwili huwa pamoja, ukungu ukiushika moshi karibu na ardhi, na hapo ndipo mtoto hukohoa njia nzima hadi shuleni.

Moshi huo hutoka wapi? Jibu la haraka ni "kwa jirani anayechoma taka", na mara nyingi ni kweli. Hata hivyo sehemu ya moshi wa kiangazi hutoka mbali zaidi, kwenye moto wa nyasi na misitu, na kaunti hii imezungukwa na maeneo yanayoungua mara kwa mara.

Wakazi wa upande wa Loitokitok hawahitaji kuelezwa. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Mlima Kilimanjaro, eneo la Whona, ambapo wapanda mlima hupumzika kati ya kambi za Mandara na Horombo. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwamo askari wa hifadhi, wanafunzi na wanavijiji wa upande wa Tanzania, na bado uliendelea kwa siku nyingi kwa sababu upepo wa juu mlimani haukutulia. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto mwingine ulianza karibu na kambi ya Karanga, kwenye mwinuko wa takriban mita 4,000. Mlima uko Tanzania, lakini moshi hauonyeshi pasipoti Namanga wala Illasit.

Halafu kuna Vilima vya Chyulu, vinavyopakana na kaunti upande wa mashariki, kule Kuku na Mbirikani. Vilima hivi vimefunikwa na nyasi ndefu juu ya mawe ya volkeno, na nyasi hizo huungua karibu kila kiangazi kikali. Upande wa kaskazini kuna Vilima vya Ngong, vyenye msitu wa hifadhi na malisho ya mgongoni yanayokauka upesi kwa sababu ya upepo, upepo uleule unaozungusha mitambo ya umeme.

Wengi hudhani moto mkubwa hufuata ukame mkubwa. Katika nchi ya nyasi kama hii, mambo huwa kinyume. Wakati wa ukame wa mwaka 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, wafugaji wa Kajiado walipoteza mifugo mingi, na ardhi ilibaki vumbi tupu. Moto ungekula nini? Kisha zikaja mvua kubwa za Oktoba hadi Desemba 2023, na nyingine za Machi hadi Mei 2024. Nyasi ziliota hadi kiunoni, na ng'ombe wa kuzila walikuwa wamepungua. Nyasi za namna hiyo zikikauka ni kuni zilizotandazwa kwa maelfu ya ekari. Kwa hiyo mwaka wa kuogopa moto ni ule unaofuata mvua nzuri, wakati kila mtu bado anashukuru.

Kitengela ina tatizo lake la pekee, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Zamani tambarare za Athi na Kapiti zililishwa na ng'ombe, pundamilia na nyumbu waliotoka na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na nyasi hazikupata nafasi ya kurefuka mno. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela ili wasiweke ua, kusudi wanyama waendelee kupita. Lakini ardhi iligawanywa, ikauzwa vipande, ikazungushiwa nyaya. Leo kuna ploti nyingi ambazo mwenyewe anaishi Nairobi au ng'ambo, hazijajengwa, hazilishwi, hazifyekwi. Kufikia Agosti kila ploti ya aina hiyo ni tita la nyasi kavu katikati ya makazi. Mtu anatupa kipande cha sigara. Mwingine anachoma takataka pembeni ili kufukuza nyoka, upepo unageuka, na ndani ya dakika kumi mtaa mzima umejaa moshi huku kina mama wakikimbiza ndoo.

Wazee wa Kimaasai walikuwa na utaratibu wao wa kuchoma malisho. Walichoma ili kuua kupe na kuleta majani mabichi, lakini walijua wakati wa kuchoma, upande wa upepo na mahali ambapo moto utakoma. Ujuzi huo ulihitaji ardhi pana na watu wengi wa kuusimamia moto. Kuchoma kwa mtindo huo katika ploti ya futi 50 kwa 100, yenye nyumba ya kupanga kila upande, si mila tena. Ni hatari tupu.

Sasa tuuangalie moshi wenyewe. Moshi wa nyasi, kuni au taka ni mchanganyiko wa gesi na chembe ndogo mno. Wataalamu huzipa chembe za hatari zaidi jina la PM2.5, kwa maana kwamba upana wake hauzidi maikromita 2.5. Unywele mmoja wa binadamu una upana wa takriban maikromita 70, kwa hiyo chembe kama 30 zingepangwa ubavu kwa ubavu juu ya unywele huo. Vumbi kubwa la barabarani hunaswa puani na kwenye makohozi. Chembe hizi hazinaswi. Hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine hupenya na kuingia katika damu. Ndiyo maana moshi hauishii kuwa ugonjwa wa kifua tu. Unahusishwa pia na shambulio la moyo na kiharusi.

Shirika la Afya Duniani lilipunguza viwango vyake mwaka 2021. Kwa wastani wa mwaka mzima, chembe hizo hazifai kuzidi maikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, na kwa saa 24 hazifai kuzidi 15. Viwango hivyo ni vya chini sana, na miji mingi duniani haivifikii. Juni 2023 moshi wa moto wa misitu ya Kanada ulisafiri mamia ya kilomita hadi New York, anga ikawa rangi ya chungwa mchana, na watu wa mji tajiri wakajifungia ndani. Wao walikuwa na vituo vya kuwaambia saa kwa saa hali ikoje. Kenya ina vituo vichache sana vya kupima hewa, kwa hiyo mkazi wa Kitengela inambidi atumie macho, pua na akili.

Kipimo rahisi ni Vilima vya Ngong. Siku isiyo na mvua wala mawingu mazito, vilima hivyo huonekana wazi kutoka sehemu nyingi za Kitengela. Vikififia hadi kuwa kivuli, hewa ni chafu. Vikipotea kabisa mchana na pua inasikia harufu ya kuungua, siku hiyo si ya kufanya mazoezi ya kukimbia wala ya kuwapanga wanafunzi uwanjani kwa michezo. Kipimo hiki hakina uhakika wa mashine, lakini ni bora kuliko kungoja kifua kibane.

Saa nazo zina maana. Usiku wa kiangazi ardhi hupoa upesi, na hewa baridi hukaa chini ya hewa yenye joto kama kifuniko juu ya sufuria. Moshi wote wa jioni, wa jiko, wa taka na wa nyasi, hubanwa chini ya kifuniko hicho mpaka jua lipate nguvu. Kwa hiyo alfajiri na mapema asubuhi ndiyo saa mbaya zaidi, na adhuhuri huwa nafuu. Anayechoma taka saa mbili usiku ili majirani wasimwone amechagua saa ambayo moshi wake utawaumiza zaidi.

Wanaoumia kwanza wanajulikana: watoto wa chini ya miaka mitano, ambao hupumua haraka na mapafu yao bado yanakua, kina mama wajawazito, wazee, wenye pumu, ugonjwa wa moyo au waliowahi kuugua kifua kikuu. Waongezwe hapo wale ambao kazi yao iko nje na hawawezi kujifungia: bodaboda, wauza mboga kando ya barabara, wachunga mifugo, vibarua wa mjengo, walinzi wa usiku. Kumwambia mama mwenye kibanda cha nyanya akae ndani siku ya moshi ni kumwambia asile siku hiyo. Ushauri wowote usiomfikiria yeye haujakamilika.

Lakini moshi mkali kuliko wote Kajiado haukupimwa mlimani wala barabarani. Ulipimwa ndani ya nyumba. Kati ya mwaka 1998 na 2001, shirika la ITDG, ambalo sasa huitwa Practical Action, lilifanya kazi na familia za Kimaasai katika Kajiado na familia nyingine za magharibi mwa Kenya. Walipima hewa ndani ya nyumba za kupikia. Katika enkaji, nyumba ile ya matawi, udongo na samadi inayojengwa na mama mwenyewe, yenye dari ya chini na tundu dogo badala ya dirisha, wastani wa chembe za moshi kwa saa 24 ulizidi maikrogramu 5,000 kwa mita moja ya ujazo. Chembe zilizopimwa wakati huo hazilingani kabisa na zinazopimwa leo, lakini hata ukipunguza hesabu, bado ni mamia ya mara ya kiwango cha 15 kilichotajwa hapo juu. Hakuna moto wa Kilimanjaro uliowahi kumpa mkazi wa Kitengela moshi wa kiasi hicho siku baada ya siku. Mama na mtoto aliye mgongoni huupata tangu chai ya asubuhi.

Jambo la kupendeza katika kazi hiyo ni kwamba suluhisho halikuletwa limefungwa kwenye sanduku. Kina mama walikaa na mafundi wakajadili. Walitaka madirisha makubwa zaidi, na walitaka kofia ya bati juu ya mafiga yenye bomba la kutoa moshi kupitia paa. Kofia hizo za bati ndizo zilizofanya kazi vizuri kuliko yote. Zilipunguza chembe kwa takriban robo tatu. Mafundi wa jua kali waliweza kuzitengeneza. Kilichobaki ni bei, na bei ndiyo inayoua mambo mengi mazuri.

Ni haki pia kusema kwamba moshi una wapenzi wake. Hufukuza mbu na nzi, hukausha paa, na kibuyu cha maziwa kilichosafishwa kwa kaa la mti wa oloirien huyapa maziwa ladha ambayo hakuna friji inayoweza kuiga. Hakuna anayewaomba watu waache kibuyu. Moshi wa dakika chache wa kutunza kibuyu si sawa na moto wa saa nane ndani ya chumba kisicho na tundu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafu wa hewa ya ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo vya zaidi ya watoto 237,000 wa chini ya miaka mitano. Wengi wa watoto hao hufa kwa nimonia. Mzazi anayeona mtoto anapumua haraka, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, au midomo ikigeuka rangi ya samawati, asingoje asubuhi na asianze na dawa ya kikohozi ya dukani. Ampeleke kituo cha afya usiku huohuo.

Kuna hatari nyingine ya msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, nayo haina harufu. Familia inaingiza jiko la makaa chumbani ili wapate joto, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Makaa yakishakuwa mekundu na moshi kwisha, wengi huamini kwamba sasa ni salama. Hapo ndipo yanapoendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeivuta huumwa kichwa, hulegea, hutaka kulala, na asiamke. Nyumba za kupanga za chumba kimoja, zilizopigwa plasta vizuri zisipitishe upepo, ni mbaya zaidi kuliko nyumba ya mabati yenye mianya. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, kila mara, hata kama mvua inanyesha. Akikutwa mtu amelegea ndani ya chumba chenye jiko, afungue milango yule aliyemkuta, amtoe nje kwenye hewa, kisha apige simu 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199.

Turudi kwenye taka, kwa sababu ndizo moshi ambao mtaa unaweza kuuzima wenyewe bila kungoja helikopta. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini plastiki za aina nyingine bado zimejaa, pamoja na nepi, viatu, magurudumu na nyaya ambazo wauza vyuma chakavu huchoma ili kupata shaba. Moshi wa vitu hivyo una sumu ambazo moshi wa nyasi hauna, nyingine zikiwa za kusababisha saratani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka kila mkazi atenganishe taka zinazooza na zisizooza. Mahali ambapo mabaki ya jikoni yanatengwa na kupewa kuku, nguruwe au shimo la mbolea, kinachobaki ni kidogo na kikavu, na wakusanya taka hukichukua kwa urahisi. Taka zilizochanganywa hunuka siku ya pili, na siku ya tatu mtu hutafuta kiberiti.

Wajibu hauko kwa mwananchi peke yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo limezipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kuondoa taka, na kuzima moto. Kwa hiyo mkazi anayeuliza gari la taka limekosa kupita kwa nini, au gari la zimamoto liko wapi, hasumbui mtu. Anauliza swali la kikatiba, na ofisi ya wadi inapaswa kulipokea na kuliandika. Kwa upande wa moto wa nyasi, Kenya ina sheria mahususi tangu enzi za ukoloni, na kuwasha nyasi za mwenzako kwa makusudi ni kosa la jinai. Mwenye ploti tupu naye afyeke kabla ya Julai, au amruhusu mfugaji jirani alishe mbuzi. Mbuzi hafanyi kelele ya mashine na hadai mafuta.

Moshi ukishafika, mambo machache husaidia. Mwenye pumu ahakikishe inhela haijaisha, na aibebe. Chumba kimoja cha nyumba kifungwe madirisha, mapengo yazibwe kwa kitambaa chenye maji, na wagonjwa na watoto wakae humo. Ndani yake kusiwe na jiko la makaa, ubani, dawa ya mbu ya kuwasha wala sigara. Barakoa ya kitambaa au ile ya buluu ya hospitali haizuii chembe hizi vya kutosha; inayofaa ni ya N95, tena iliyokaza usoni. Leso iliyoloweshwa hupoza koo na kuzuia majivu makubwa, lakini isimpe mtu ujasiri wa kukaa kwenye moshi. Wanaouza au kufanya kazi nje wajaribu kuanza saa tatu badala ya saa kumi na mbili siku ambazo asubuhi imefungwa, na watakaoshindwa basi wapishane, mmoja akipumzika mbali na moshi.

Madereva wa barabara ya Namanga wanajua jinsi nyasi za kando zinavyoweza kuwaka na moshi ukavuka lami ghafla. Kinachoua hapo ni kuingia kwenye wingu hilo kwa mwendo uleule, au kusimama katikati yake bila taa. Dereva apunguze mwendo kabla ya kuufikia moshi, awashe taa za chini, na kama haoni mbele asiingie kabisa. Atoke nje ya lami na kusubiri.

Na kwa kuwa maji ni shida Kitengela, nyumba nyingi hukinga mvua kutoka paani. Baada ya miezi ya moshi mabati hubeba majivu, masizi na vumbi la barabara. Mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba isiingie kwenye tangi. Bomba la mfereji liondolewe, maji ya mwanzo yamwagike hadi yatoke meupe, ndipo lirudishwe. Maji hayo ya kwanza yanaweza kumwagiwa miti, ambayo haitalalamika.